Nakuuliza Kuhusu Jirani Yangu

Hamburg, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu aleikum. Najua umenuna, na haki unayo. Ujumbe wako wa Ramadhani niliusoma mara tatu nisijibu. Sisi wazima, alhamdulillah, watoto wanarefuka tu. Mama Zuhura amefika huko? Hayo tutayazungumza. Leo nakuandikia kwa sababu wewe ndiye nesi wangu wa wodi ya akili, na nina jirani.

Ni Mwafghani, kwao Herat. Alikuwa akifundisha wasichana hesabu mpaka Taliban waliporudi Agosti 2021. Wiki juzi nilimkuta chumba cha kufulia, amekalia beseni alilolifudikiza, nguo keshazifua zamani, zimo bado kwenye mashine zinaanza kuvunda. Nikamuuliza kwa Kijerumani chetu cha kuungaunga, una nini? Akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, akasema "jigar khun". Ni Kidari hicho, lugha ya kwao: jigar ni ini, khun ni damu. Mwanaidi, mwili ulinisisimka. Bibi alipofiwa na mjomba si alikuwa akituambia yamemkata maini? Sikuhitaji mkalimani.

Daktari ndiye aliyemhitaji. Nilimsindikiza. Kasikia ini, kapima ini, kapima na damu, akasema zima kabisa. Jirani akasema ana "fishar". Presha hiyo, kama tusemavyo sisi. Akafungwa mashine mkononi: presha nzuri. Tukarudi na vidonge vya maumivu. Njiani akanieleza kwamba kwao fishar ya juu ni mtu kutotulia, kupandwa na hasira kwa jambo dogo. Ya chini ni kuishiwa nguvu hata ya kuinua kikombe. Yeye anazo zote mbili. Hakuna aliyemuuliza hapati usingizi tangu lini! Hilo mpaka leo linaniuma.

Na kinachomla si yeye mwenyewe, ni mdogo wake aliyebaki Herat. Binti alikuwa chuo kikuu. Desemba 2022 wasichana wakafukuzwa vyuoni. Akashika ukunga, maana ndio mlango mmoja uliokuwa umebaki. Desemba 2024 nao ukafungwa. Sasa analala mpaka adhuhuri, nywele hachani. Juzi jirani alinipa simu nisikilize ujumbe wake. Nilisikia birika likichemka, pumzi, kisha maneno mawili ya kunong'ona. Nikauliza, kuna mgonjwa amelala? Hapana. Tangu ile sheria ya Taliban ya Agosti 2024 inayosema sauti ya mwanamke isisikike nje, ananong'ona hata jikoni kwao.

Nimesoma kwamba mwaka 1998, enzi za Taliban wa kwanza, walihojiwa wanawake 160, wa Kabul na waliokimbilia Pakistan, na 97 kwa mia walikuwa na dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Karibu wote, shoga! Wote wakiumwa kwa pamoja, mimi siwezi kuuita udhaifu wa roho zao. Mtu kafungiwa shule, kazi, bustani, hata saluni, halafu tumwambie apunguze mawazo?

Narudi kwa jirani. Anaogopa mdogo wake asije akajidhuru, na anaogopa kumuuliza. Eti akilitaja ndiyo amemfundisha. Ni kweli? Au aulize wazi? Aulize kwa maneno gani, na akijibiwa ndiyo, yeye yuko huku, afanyeje? Na mimi, nikikaa naye pale kwenye mabeseni niseme nini, au ninyamaze tu nikunje nguo? Kwa daktari nimwambie nini asikimbilie tena ini? Wagonjwa wako wakikwambia kichwa kinawaka moto, wewe huanza na swali gani?

Alhamisi tunarudi kwa daktari. Nitumie jibu kwa sauti, hata likiwa refu, nitalisikiliza kwenye treni nikitoka zamu.

Wako,
Saumu