Kaka, nyumba ya baba isiguswe

Kaka, shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo Kikuyu, Dodoma.

Ujumbe wako nimeupata. Ada ya Neema nimeshatuma, angalia kwenye simu. Ile hela ya kubomolea nyumba ya baba situmi. Mmekaa kikao, fundi mkamwita, mimi nikaja kuambiwa mwisho kama mgeni wa harusi. Imeniuma sana.

Najua tangu serikali ihamie huko viwanja vimepanda bei, kila mtu anataka fremu. Lakini nisikilize. Hapa Chicago kuna jumba linaitwa Tribune Tower, lilikuwa makao ya gazeti la Chicago Tribune. Mwaka 1922, gazeti lilipofikisha miaka 75, walishindanisha wachora ramani kwa zawadi za dola 100,000. Ramani zaidi ya 260 zilifika, wakashinda Howells na Hood, na 1925 jumba likasimama, mita 141, kileleni limenakshiwa kama makanisa ya kale ya Ulaya. Mwenye gazeti, McCormick, aliwaagiza waandishi wake wa nchi za nje walete vipande vya mawe. Viko ukutani hadi leo: piramidi la Misri, Taj Mahal, Ukuta wa China. Nimevishika kwa mkono wangu, kaka! Nikayakumbuka mawe ya Mlimwa ambayo baba aliyasomba kwa mkokoteni kujengea msingi wetu.

Mwaka 2018, ule ule Dodoma ilipotangazwa jiji, gazeti likahama. Jumba lilikuwa limeshauzwa, ndani yakatengenezwa makazi ya watu. Wenye pesa hao wangeshindwa kuliangusha? Lakini tangu 1989 jiji lililiweka kwenye majengo ya urithi, na ule uso wake wa mawe umebaki.

Mimi sasa ni msimamizi wa mafundi rangi, Wazungu wanangoja neno langu ndipo waanze. Kwa hiyo Baba Mdogo asiseme sijui ujenzi. Baridi ipo, tumezoea.

Nitatuma hela ya bati jipya na choo cha ndani. Vyumba vya kupangisha vijengeni nyuma, lilipokuwa zizi, nami nitachangia tofali. Chumba cha baba kibaki na mlango wake ule ule.

Mlenda mkavu na unga wa uwele mpeni kijana wa Mama Neema anayekuja huku, nimeukosa mno. Hati ya kiwanja mkabidhi mama leo hii, kisha anipigie yeye mwenyewe.