Barua kwa mwanangu aliyetaka nivuke ng'ambo

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa kutaka nihamie Kisauni, ng'ambo bara, nimeusoma mara mbili. Nyumba ina nafasi, maji hayakatiki, nimekuelewa. Lakini umeuliza, "Huko kisiwani kumebaki nini?" Hilo limenikaa kooni.

Mvita, kisiwa chetu hiki cha Mombasa, haijawahi kujilisha. Msafiri Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akielekea Kilwa, akaandika kwamba wenyeji hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara. Akaona pia visima milangoni mwa misikiti, na watu miguu peku wakinawa kabla ya kuingia. Leo nyanya zangu zatoka Kongowea, zavuka daraja la Nyali. Ng'ambo hainitishi basi; naila kila siku.

Kilichotuweka hapa ni maji ya pande mbili. Huku kwetu, chini ya Ngome ya Yesu, ni Bandari ya Kale: majahazi yakija na upepo wa kaskazi, yakirudi na wa kusi. Wareno walipoanza kujenga Ngome mwaka 1593 waliiweka pale pale penye mlango wa bandari, si bure. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 ndipo wakaingia. Upande wa pili ni Kilindini, na jina lajieleza: kuna kilindi. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na meli kubwa zikitaka kina, riziki ikahamia huko.

Ikamhamisha na babako, Mungu amrehemu. Alianza uhamali Bandari ya Kale, bega la kulia limeota sugu. Kuna nahodha mmoja aliyekuwa akimletea kikapu cha tende kila kaskazi. Wewe ndiye uliyekuwa ukizimaliza, ukificha kokwa chini ya mkeka. Alipopata kazi Kilindini mshahara ulikuwa bora, sikatai, nao ndio uliokusomesha. Ila alikuwa akirudi akisema, "Kule napakua meli nzima, sijui hata mwenyewe ni nani." Jioni akishuka ngazi za Bandari ya Kale kukaa tu, hana mzigo, anasikiliza mabaharia.

Mimi pia hushuka, magoti yakiniruhusu.

Nyumba ya Kisauni mpangishe mtu. Ukija Desemba niletee miwani. Hii nimeifunga mguu kwa uzi.

Mamako