Usiukuze mlango, uuvute

Mkomani, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na mama anauliza utavuka lini kuja kututazama. Mchoro wako wa mlango nimeupokea, nikaufungua usiku huohuo. Tundu la ukuta huko Malindi lina upana wa milimita 1,300, mchoro uliokuwa nao ni wa mlango wa 1,100, ukaukuza kwa kompyuta ulingane na tundu, na sasa fundi anakwambia hautengenezi. Fundi ana haki. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu jambo hili ndilo linaloamua kama mchoro wa kompyuta utaingia karakana au utabaki kwenye kioo.

Katika AutoCAD, programu yetu ya kuchorea, ulitumia SCALE. Amri hiyo hukuza kitu chote, kila upande kwa kiasi kimoja. Kutoka 1,100 hadi 1,300 ni kuzidisha kwa 1.18 hivi, na hesabu hiyo haiachi kitu nyuma. Kimo cha milimita 2,200 kimekuwa 2,600, na ukuta haukupanda hata kidogo. Miimo ya 100 imekuwa 118. Mfaa nao, ule ubao wa kati unaosimama baina ya mbao mbili za mlango, umenenepa, na maua ya kizingiti cha juu yamekuwa makubwa kuliko patasi ya fundi ilivyozoea. Ungekuwa umechora kwa umbo la pande tatu, hata unene wa ubao ungetoka 50 ukafika 59, na mbao zinazohitajika zingekuwa mara 1.65 ya zile za mwanzo. Kwa bei ya mbambakofi, hilo peke yake lingetosha kumfukuza mteja.

Unayoihitaji ni STRETCH. Katika AutoCAD andika S, ubonyeze Enter, kisha uchague kwa kisanduku. Hapa kuwa mwangalifu sana: kisanduku kivutwe kutoka kulia kwenda kushoto. Kikiwa hivyo kitakuwa cha kijani na kitakamata kila kinachokigusa. Ukikivuta kutoka kushoto kwenda kulia kinakuwa cha buluu, kinakamata tu kilichoingia kizima, na hapo programu itavisogeza vitu bila kuvirefusha. Ndani ya kisanduku cha kijani, kila ncha ya mstari inasogea. Ncha iliyo nje inabaki pale pale. Mstari wenye ncha moja ndani na nyingine nje ndio unaorefuka. Kwa hiyo kazi ya akili ni kuchagua ukingo wa kisanduku upite wapi.

Kwa mlango wako mimi ningefanya hivi. Ningeupitisha ukingo wa kisanduku katikati ya ubao wa kulia, pale pasipo nakshi, baina ya mfaa na mwimo. Mwimo wote uwe ndani, mfaa uwe nje. Bonyeza F8 ili usipinde, uvute kulia, uandike 100. Mwimo umesogea na upana wake ni ule ule, ubao umepanuka, mfaa haukuguswa. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Mia na mia ni 200, na mfaa bado uko katikati kabisa. Usivute 200 upande mmoja, mlango wetu wa nakshi ukipoteza kati yake umepoteza sura.

Maua ya kizingiti yana tabia yake. Duara halivutiki kwa STRETCH. Kama kitovu chake kimo ndani ya kisanduku linahama zima, kama hakimo linabaki. Bloku, yaani michoro iliyofungwa pamoja ikawa kitu kimoja kama ua lako, nayo hivyo hivyo, hufuata nukta yake ya kuingizia. Basi ukishavuta utaona pengo limefunguka kila upande wa kizingiti. Usishtuke, na tafadhali usiivute bloku kwa upana peke yake ili kuziba pengo, maana programu itakubali, na ua lako la mviringo litatoka na umbo la yai. Nimeuhesabu mchoro wako: ua na nafasi yake ni milimita 100, na maua ni 11. Kila pengo ni 100. Nakili ua moja kulia na moja kushoto, yawe 13, na lile la katikati libaki katikati. Fundi wa nakshi hapa karakana hufanya hivyo hivyo kwa penseli: mlango ukiwa mpana huongeza ua, halikuzi.

Na tazama nyumba zetu za mawe. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki mbali, haifiki hata mita tatu. Aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha, au aliongeza safu nyingine ya vyumba nyuma yake. Upana uliamuliwa na mti. Ndiyo maana mchoro wa nyumba ya kale ukiukuza kwa SCALE unapata nyumba isiyoweza kuezekwa.

Sisemi SCALE haina kazi. Ukipewa mchoro uliochorwa kwa inchi, uukuze kwa 25.4 na umemaliza. Ukipiga picha ya mlango wa kale ili uchore juu yake, chagua Reference ndani ya SCALE, gusa ncha mbili za kizingiti, kisha andika kipimo ulichopima kwa futikamba, na programu itajipigia hesabu. Picha tu ipigwe ukiwa umesimama mbele ya mlango sawasawa, ukipiga kwa ubavu hakuna amri itakayoinyoosha vizuri.

Jambo jingine dogo: vipimo uviache vijiandike vyenyewe. Nimeona kimoja umekiandika kwa mkono. Ukivuta mlango, hicho kitabaki na namba ya zamani, na fundi husoma namba, hapimi mstari.

Kabla hujaanza upya, rudi ukutani upime tundu mahali patatu, juu, kati na chini, maana kuta za mawe ya matumbawe hazinyooki, na ufuate kipimo kidogo kuliko vyote. Kikiwa chini ya 1,300, punguza kwenye ubao, maua usiyaguse. Kisha nitumie faili kwa DXF, aina ya faili ya kubadilishana michoro, ulihifadhi kwa toleo la zamani, maana AutoCAD niliyo nayo ni ya zamani. Nitalitazama kabla fundi hajapasua mbao.

Nisalimie bibi na watoto.

Ni mimi shoga yako.