Barua kwa aliyeijenga injini

Tudor, Mombasa
16 Juni

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta wewe na watu wa nyumbani mkiwa wazima, kama tulivyo sisi huku, alhamdulillahi, ijapokuwa masika ya mwaka huu yamekataa kwisha na kila kipande cha chuma kilichoko barazani kwangu kimeota kutu. Ninakuandikia kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni lile gari. Barua yangu ya mwezi uliopita ilikuwa ya mtu mwenye hasira, na ndani yake nilikuambia kwamba injini uliyoijenga kwa mikono yako mwenyewe imekufa silinda ya tatu. Leo nayafuta maneno hayo. Na kwa kuwa nilikutuhumu kwa kurasa mbili, si haki nikuombe radhi kwa mstari mmoja. Kwa hiyo nitakueleza yote niliyoyafanya, hata yale yanayoniaibisha.

Utakumbuka kwamba uliponikabidhi ile Subaru Impreza mwezi wa Novemba tulishuka nayo pamoja kutoka Nairobi, na njia nzima haikukohoa hata mara moja. Mnamo Februari nilibadilisha bomba la ekzosi linalotoka kwenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, nikaweka lililo pana zaidi. Liweke hilo akilini, kwa sababu mimi sikuliweka. Katikati ya Machi gari likaanza kumisi, yaani silinda kuruka zamu yake ya kuchoma. Halikumisi likiwa baridi, wala lilipokuwa likinguruma pale pale lilipoegeshwa, wala katika msongamano wa Makupa. Lilimisi likishapata moto, katika gia ya tatu au ya nne, kwenye mizunguko kati ya 3,500 na 4,500 kwa dakika, mara tu presha ya tabo ilipopita 0.8 bar. Mahali pa kulijaribia pakawa ule mwinuko wa kwenda Mazeras, alfajiri kabla ya malori kujaa, na kila nilipokanyaga mafuta pale gari lilitetemeka kama punda aliyebebeshwa asichokiweza.

Mashine ya kusoma hitilafu ilinipa P0303, yaani silinda ya tatu, na mara chache P0300, ambayo haitaji silinda yoyote. Mwanzoni sikuiamini. Kompyuta ya injini haiuoni moto ndani ya silinda; inachokifanya ni kupima kasi ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na ikiona imepungua kidogo pale ambapo silinda fulani ilipaswa kuisukuma, huandika kwamba silinda hiyo haikuchoma. Nawe ulifunga flaiwili nyepesi, lile gurudumu la mwishoni mwa kranki, na flaiwili nyepesi huiacha kranki ichezecheze kiasi cha kuweza kuidanganya kompyuta. Lakini mtetemo nilioupata mgongoni haukuwa wa kudanganywa, na kipimo cha gesi za ekzosi nacho kilikuwa kikiruka kila ulipotokea.

Hapo ndipo nilipojipatia nadharia, na nadharia yenyewe ilikuwa nzuri mno. Nilijiambia kwamba gari hili lilirekebishwa Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ina presha ya karibu 0.83 bar tu, ilhali hapa pwani ni kama 1.01. Geji ya tabo inapoonyesha 1.2 bar huko kwenu, presha halisi inayoingia katika injini, ya hewa na ya geji kwa pamoja, ni kama 2.03; geji hiyo hiyo ikionyesha 1.2 hapa Mombasa, presha halisi ni kama 2.21. Kadiri hewa inavyosongamana ndani ya silinda, ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi zaidi ili iruke kutoka ncha moja ya plagi hadi nyingine, na ikizikosa volti hizo hairuki. Kwa hiyo, nikahitimisha, gari halina ugonjwa ila limehamia mji wenye hewa nzito. Nilitembea na maelezo hayo kwa wiki mbili nikiwasimulia vijana wote wa barazani, na wote waliyakubali, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka.

Nikazitoa plagi. Wewe unajua adha ya injini hizi zilizolala ubavu: upande wa kulia utoe boksi la hewa, upande wa kushoto utoe betri na chupa ya maji ya kioo, kisha uingize mkono mahali ambapo mkono haukukusudiwa kuingia. Nafasi kati ya ncha za plagi ilikuwa milimita 0.8. Niliipunguza hadi 0.65, nikaipima kila moja kwa filageji, nikarudi Mazeras. Kumisi kukahama kutoka 0.8 bar hadi 1.0. Nilifurahi kupita kiasi. Nafasi ndogo ilikuwa imeipunguzia cheche kazi, basi. Ile sababu iliyoifanya cheche ya silinda ya tatu kuwa dhaifu ilikuwa pale pale, na mimi nikaichukua nafuu ile kuwa ni ushahidi wa nadharia yangu. Swali ambalo sikujiuliza lilikuwa jepesi sana: kama ni hewa nzito ya Mombasa, mbona silinda tatu nyingine zinachoma vizuri? Hewa hiyo hiyo inaingia katika zote nne.

Nilipojiuliza, nilianza kufanya kazi kwa utaratibu ambao ningepaswa kuanza nao, yaani kuhamisha vitu badala ya kununua. Koili ya tatu, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, niliihamishia silinda ya kwanza, kwa kuwa zote mbili ziko upande wa kulia na ni rahisi kuzifikia, na ya kwanza nikaiweka kwenye ya tatu. Kosa likabaki kwenye ya tatu. Plagi nazo nikazibadilisha mahali, kosa halikusogea. Nozeli ya petroli nikaibadilisha na ya silinda ya nne, halikusogea. Presha ya petroli, bomba la mvuto likiwa limechomolewa, ilikuwa 3 bar kama inavyotakiwa, na ilipanda sambamba na presha ya tabo, kwa hiyo pampu uliyoiweka ni nzima. Nilipuliza moshi katika njia ya hewa, nikapata mpira mmoja uliopasuka kidogo karibu na manifoldi, nikaubadilisha, na gari likaendelea kumisi kama vile sikuugusa.

Kabla sijafika hapo, hata hivyo, nilikuwa nimeshafanya kosa la pili. Kile kipimo cha gesi za ekzosi kilionyesha petroli imepungua kila gari lilipomisi, na kijana mmoja mwenye kompyuta, ambaye sitamtaja kwa sababu kosa ni langu niliyemkubalia, aliongeza petroli katika eneo lile la ramani ya injini, yaani jedwali la kompyuta linaloamua kiasi cha petroli. Gari likazidi kuwa baya. Ukilifikiria jambo hili kwa utulivu linaeleweka: kipimo kile hakipimi petroli, kinapima oksijeni. Silinda isipochoma, hewa yake yote hutoka ikiwa na oksijeni ambayo haikutumika, na kipimo husema mchanganyiko ni mkavu, ingawa petroli iliingia kwa kiwango chake na ikatoka bila kuungua. Ukiongeza petroli juu ya hapo unailowesha plagi ambayo tayari imeshindwa.

Kilichobaki mawazoni mwangu ni injini yenyewe, na hapo ndipo nilipokuandikia ile barua. Sikuwa nimepima kitu. Nilizisikia pistoni zikigonga asubuhi injini ikiwa baridi, nikasahau kwamba wewe mwenyewe uliniambia siku ya kwanza kuwa pistoni za kufuliwa, yaani zilizopondwa hadi zikapata umbo badala ya kumiminwa, huachiwa nafasi kubwa zaidi kwa sababu hutanuka zaidi zikipata moto, na kwamba kugonga huko hunyamaza injini ikishapashwa. Barua ilipokwisha kuondoka ndipo nilipoazima kipimo cha kompresheni, kinachopima jinsi kila silinda inavyoibana hewa. Injini ya moto, plagi zote nje, nozeli zimezimwa, mafuta yamekanyagwa hadi chini: 150, 148, 150, 146. Ya tatu, ndugu yangu, ilikuwa sawasawa na ya kwanza, na dhaifu kuliko zote ilikuwa ya nne ambayo haijawahi kunisumbua. Nilikaa juu ya ndoo pale uani kwa muda mrefu nikiifikiria ile barua iliyokuwa njiani kukujia.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi umeme wa magari huko Kongowea, ambaye hana mashine yoyote ya kusoma hitilafu. Nilimweleza kwamba waya za koili ya tatu nimeshazipima kwa mita, na waya wa moto una volti 12.4 sawa na betri. Akaniuliza, "Ulipima ukiwa umebeba mzigo au mtupu?" Kisha akatoa balbu ya taa ya breki ya wati 21, aliyoiunga kwa waya mbili, akachomoa soketi ya koili ya kwanza, akawasha swichi, na kuiunganisha balbu kati ya waya wa moto wa soketi ile na hasi ya betri. Balbu ikawaka vizuri na mita ikasoma 12.1. Akafanya hivyo hivyo kwenye ya tatu. Balbu ikawaka rangi ya machungwa yaliyolala, na mita ikasoma 10.6.

Mita peke yake haivuti umeme wa kutajika, kwa hiyo hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuipa volti zote. Balbu ile huvuta karibu ampea moja na nusu, na koili inapojazwa huvuta zaidi ya hapo mara kadhaa. Nguvu inayohifadhiwa ndani ya koili hufuata mraba wa umeme unaopita, kwa hiyo umeme ukipungua kwa theluthi moja, nguvu ya cheche hubaki chini ya nusu. Cheche ya nusu inatosha kuendea sokoni. Haitoshi kwa 1.2 bar usawa wa bahari, na katika hilo tu nadharia yangu ilikuwa na chembe ya ukweli: huenda kule kwenu, penye hewa nyepesi, gari lingeendelea miezi kadhaa zaidi bila kulalamika.

Nilirudi nyumbani, nikachukua kikausha nywele cha shemeji yako bila ruhusa, nikaupasha moto msitu wa waya unaopita nyuma kulia karibu na tabo huku balbu ikiwa imeunganishwa. Mita ikashuka hadi 9 na kitu. Nikaichana tepu. Chini yake, karibu shubiri moja kutoka kwenye soketi ya silinda ya tatu, waya wa moto ulikuwa umekatika na kuungwa kwa kusokotwa tu, bila risasi ya kulehemu wala kibano, na shaba yake imegeuka kijani kama sarafu iliyookotwa ufuoni. Tepu yenyewe ilikuwa mpya kuliko zote zilizomo ndani ya injini.

Si wewe uliyeuunga, nami najua nani aliuunga. Siku ile ya Februari nilipobadilisha bomba, mimi mwenyewe nilisema ile ngao ya joto ya tabo isirudishwe, kwa sababu ilikuwa ikilia na kwa sababu, nikiri, tabo hupendeza zaidi ikionekana. Mwenye gereji akaniambia kuna waya mmoja "umeguswa kidogo" wakati wa kulitoa bomba la zamani na kwamba ameshauweka sawa. Nilimlipa nikaenda zangu. Joto la tabo lisilo na ngao, hewa ya chumvi na mvua ya Aprili vikamaliza kazi.

Nilikata kipande chote kilichooza, nikaweka waya mpya wenye unene ule ule unaostahimili joto, nikaubana kwa kibano chenyewe, nikaufunika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani na kuupitisha kwenye ala ya nyuzi za kioo mbali na tabo. Ngao imerudi mahali pake na inalia kama zamani. Kwenye balbu, silinda ya tatu sasa inasoma 12.1. Plagi nimezifungua hadi 0.7. Jumamosi alfajiri nilipanda Mazeras mara tatu kwa gia ya nne hadi 1.2 bar, na hesabu ya kumisi kwa silinda zote nne ikabaki sufuri.

Lililobaki ni ile petroli iliyoongezwa bure. Kijana yule hakuhifadhi nakala ya ramani yako kabla ya kuigusa, na gari sasa linatoa moshi mweusi pale pale lilipokuwa likimisi. Naomba unitumie faili la asili kama unalo bado, au uniambie siku utakayoteremka ili ulirekebishe mwenyewe kwa hewa ya huku. Chumba chako kipo, na shemeji yako ameahidi biriani ya samaki kwa sharti kwamba kikausha nywele kisitoke tena ndani ya nyumba. Nisamehe kwa ile barua, na ukiweza uichome.

Wako daima,
Sahibu yako wa Tudor