Benki kubwa zikubali hati zetu za kimila

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wakuu wa benki za NMB na CRDB, pamoja na Benki Kuu inayowasimamia. Mimi ni mjane na mkulima wa kahawa huku Karagwe. Nina kibanja cha migomba na mibuni, na hatimiliki ya kimila ya ardhi hiyo yenye jina langu mwenyewe. Siku tulipokabidhiwa hati hizo kijijini tuliambiwa kwamba sasa tunakopesheka.

Kabla ya msimu uliopita nilikwenda benki moja kuomba shilingi milioni 2 za chanja za kuanikia, maturubai na vibarua wa palizi. Kahawa ikianikwa chini inaokota mchanga, na bei yake inashuka. Ofisa mikopo, kijana mwenye adabu kabisa, aliigeuza hati yangu mara mbili akanirudishia. Alitaka hati ya nyumba ya mjini. Kisha akauliza, "Mama, huna mtoto mtumishi wa serikali akuchukulie kwa mshahara wake?" Ninaye, ni mwalimu, na mshahara wake tayari unakatwa. Jina la benki hiyo silitaji, kwa sababu majirani zangu wamejibiwa hivyo hivyo kwingine.

Wanaokwama hapo huishia kwenye butura. Kwa wasioijua: mnunuzi anakuja kahawa ikiwa bado mbichi mtini, anakulipa bei isiyofika hata nusu ya ile ya mnadani, nawe ukivuna unampelekea magunia yake. Viongozi wanaikemea butura miaka yote, lakini mahitaji ya shule ya Januari hayasubiri mavuno ya Mei. Na mnunuzi huyo hadai hati yoyote. Anatazama mibuni tu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 18, inasema haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Naielewa hofu ya benki: nikishindwa kulipa, shamba la kijijini ni gumu kuuza, maana mnunuzi wa nje lazima akubaliwe na halmashauri ya kijiji. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kahawa yangu inapita AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika cha mazao, inauzwa mnadani, na malipo yanaingia kwenye akaunti yangu ya benki. Vitabu vya chama vinaonyesha kilo nilizopeleka kila msimu. Deni likatwe pale pale kabla sijagusa shilingi, kama wanavyokatwa walimu.

CRDB ilianza mwaka 1984 ikiwa benki ya ushirika na maendeleo vijijini. NMB ilitokana na kugawanywa kwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) mwaka 1997, ikarithi matawi mengi ya wilayani. Kwa mwaka 2024, faida ya NMB baada ya kodi ilipita shilingi bilioni 600, na ya CRDB ikapita bilioni 500. Siwaonei wivu, maana benki imara ndiyo usalama wa akiba zetu. Baada ya Benki Kuu kulegeza masharti mwaka 2021, zote mbili zilitangaza mikopo ya kilimo kwa riba ya asilimia 9, na tulifurahi sana. Lakini riba hiyo inamfaa nini mtu ambaye dhamana yake haipokelewi?

Wapo watakaoniambia nisubiri Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Naitakia heri, ila wenye mtaji na matawi wilayani leo ni hawa wakubwa.

Ninachoomba ni tangazo la maandishi, libandikwe kila tawi: je, hatimiliki ya kimila inapokelewa? Kwa masharti gani, na mpaka kiasi gani? Na meneja wa tawi aruhusiwe kupokea vitabu vya AMCOS kuwa ushahidi wa kipato. Tukijibiwa kabla ya Januari, wengi wetu hatutauza kahawa ikiwa mtini.

Mkulima wa kahawa,
Karagwe, Kagera