Kwa nini tunakukagua macho baada ya upasuaji wa sinusi

Mgonjwa akizinduka baada ya upasuaji wa sinusi (vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa kuzunguka pua) hapa kliniki, muuguzi huanza na macho. Anamulika mboni kwa tochi, anafunika jicho moja kisha jingine, anauliza: "Vidole vingapi hivi?" Ndugu waliomsindikiza hushangaa, na wana haki ya kuelezwa.

Kati ya sinusi na tundu la jicho pana mfupa mwembamba kama karatasi. Karibu na dari ya pua hupita mshipa mdogo wa damu unaotokea upande wa jicho. Ukikatika, unaweza kujivuta ukarudi ndani ya tundu la jicho na kuendelea kuvuja humo. Damu hiyo haina pa kutokea, hivyo inalisukuma na kuliminya jicho, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakosa damu. Hali hiyo ikidumu saa moja hadi moja na nusu tu, uwezo wa kuona unaweza usirudi tena.

Ni nadra sana. Hata hivyo tunakueleza kabla hujasaini fomu ya ridhaa, kwa sababu jicho ni lako.

Hatumpasui mtu sinusi bila picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa. Tunajua ni gharama. Heri tusogeze tarehe kuliko kukupasua bila picha hiyo. Wapo watu ambao mshipa wa fahamu wa jicho umepita ndani kabisa ya sinusi ya nyuma, na hilo lazima lijulikane mapema. Tuambie pia kama unatumia aspirini, wafarini au vidonge vya kitunguu saumu, maana vinaweza kuongeza kuvuja damu. Dawa ulizoandikiwa usiziache mwenyewe, tutazungumza na daktari wako.

Nyumbani usipenge kamasi mpaka tukuruhusu, maana hewa inaweza kupenya hadi kwenye jicho. Chafya ikija, fungua mdomo.

Jicho likitokeza, likiuma, likiwa gumu, au ukiona ukungu, vitu viwili viwili, au rangi nyekundu imefifia, usingoje kukuche wala usinunue dawa ya matone. Nenda hospitali iliyo karibu, hata kama si kwetu, na utupigie ukiwa njiani. Mwambie daktari wa zamu: "Nimepasuliwa sinusi, jicho limevimba, sioni vizuri." Damu ikiwa imejaa, hukatwa kidogo kwenye kona ya nje ya jicho ili presha ishuke. Hufanyika palepale kitandani kwa ganzi, bila kusubiri picha.