Barua kwa vijana wa Bongo Fleva: wimbo ukifungiwa

Wanangu,

Wimbo ukifungiwa, ulizeni kwanza nani kaufungia na kamwandikia nani. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inashika leseni za vituo vya redio na televisheni; BASATA, baraza la sanaa la taifa, inamshika msanii na kazi yake. Februari 2018 TCRA ilipoviagiza vituo viache kupiga nyimbo kadhaa, zikiwemo za Diamond Platnumz na Nay wa Mitego, mwenye kuhofia leseni alikuwa mwenye redio. Ndiyo maana mtangazaji huuondoa wimbo siku hiyohiyo, na pengine huweka kando hata nyimbo zenu zisizotajwa. Msigombane naye. Mwombeni nakala ya agizo, mwone kama tatizo ni neno, ubeti au picha za video tu.

Toleo la redio, lisilo na neno linaloweza kuleta tatizo, litengenezwe siku ileile ya kurekodi, mwimbaji akiwa bado kwenye maiki. Imbeni neno mbadala lenye silabi zilezile. Ukilifunika neno kwa mlio unaacha shimo, na msikilizaji hulijaza mwenyewe. Prodyuza akilizima kwenye sauti kuu, husahau sehemu tatu: sauti ya pili iliyolazwa juu yake, vionjo vya pembeni (vineno vya kunogesha wimbo), na mwangwi, ambao hulirudia neno baada ya kukatwa. Lizimwe kabla halijaingia kwenye mwangwi. Kisha sikilizeni kwa hedifoni, sikio moja moja. Jina la faili lianze na neno REDIO, maana dijei mwenye mafaili mawili yanayofanana ipo siku atapiga lisilotakiwa, na lawama itawarudia ninyi. Chukueni pia biti tupu na sauti tupu. Studio ikifuta kazi yenu hamtakuwa na cha kurekebisha.

Jukwaani ndiko kunakoumiza zaidi. "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond ilifungiwa na BASATA Novemba 2018. Desemba waliiimba tamashani, wakazuiwa kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi. Hapo kilichofungwa si wimbo tena, ni riziki, pamoja na ya wapiga vyombo na wachezaji. Kwa hiyo mkataba na promota useme wazi: wimbo ukifungiwa baada ya malipo ya awali, orodha ya nyimbo itabadilishwa na shoo itaendelea.

Sisemi wakaguzi hawakosei. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya "Wapo" na wimbo ukafungiwa. Mara waziri akatangaza kuwa Rais Magufuli anataka msanii aachiwe na wimbo upigwe. Ni wimbo uleule, haujaongezwa hata herufi. Kijana ataujuaje mpaka unaohama hivyo? Inaniuma kuona mwenye kipaji anaandika huku akijikata ulimi mwenyewe.

Agizo lisipotaja neno wala ubeti, andikeni barua ya heshima kuomba vitajwe, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mzee wenu